Kibali Kilichoishia Mpakani

Jambo la kwanza ambalo mtu huligundua kwa Lonnie Stidham ni mkono wake wa kulia. Kabla hajaketi popote, iwe ni kiti cha kinyozi, benchi la kanisa au gari lake mwenyewe, mkono huo hushuka, hupapasa juu ya nyonga, hukuta hapana kitu, kisha hurudi taratibu kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Ukitazama vizuri utauona na mkanda wake. Ni wa ngozi ya kahawia, mkuukuu, na upande huo wa kulia una kipande cha upana wa kiganja ambacho hakikupauka kama sehemu nyingine. Hapo ndipo ilipokaa ala ya bastola kwa miaka ishirini na saba.

Jirani yake, Carmine Petrosino, fundi bomba mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alidhani ni ugonjwa.

"Mzee wa Kentucky! Hicho kiuno bado kinakusumbua?" alimuuliza walipokuwa wakizoa majani makavu mbele ya nyumba zao.

"Si kiuno. Ni mazoea."

"Mazoea ya nini? Ya kujikuna?"

Lonnie alicheka kidogo akaendelea kuzoa majani. Alikuwa na wiki mbili tu katika mji ule wa New Jersey, na wakati huo nyonga yake haikuwa tupu. Ilikuwa imefunikwa na koti.

Kwao, milimani mashariki mwa Kentucky, Lonnie alikuwa mtu wa gari la gesi. Aliingia kila bonde, akavuka kila kijito, akajaza matangi ya watu ili wapate moto wakati wa theluji. Mwaka mmoja mbwa mwenye kichaa alimrarua mguu kwenye ua wa mjane mmoja. Alipomaliza sindano zote za hospitali, mkewe Verna aliuza mablanketi mawili ya viraka aliyoyashona kipindi chote cha baridi, akamnunulia bastola ndogo ya risasi tano.

"Sitaki uwe shujaa," Verna alimwambia. "Nataka uwe unarudi kula chakula cha jioni."

Walikwenda pamoja kwenye mafunzo ya kibali, Jumamosi nzima. Verna alipiga shabaha vizuri kuliko yeye, na tangu siku hiyo hakuacha kumtania mbele ya wageni. Kadi ya kibali Lonnie aliifuata kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, mtu aliyesoma naye darasa moja, akaiweka kwenye pochi nyuma ya leseni ya gari. Kwao mtu akisimamishwa barabarani alitoa kadi zote mbili kwa pamoja. Sheria haikumlazimisha. Ilikuwa adabu tu, kama kuvua kofia mlangoni. Unasema, "Afisa, ninayo bastola kiunoni, na kibali hiki hapa," naye anakujibu, "Yako iache ilipo, na mimi yangu nitaiacha ilipo." Mnacheka. Mnaulizana hali za mama zenu.

Verna alipofariki, nyumba ilimshinda Lonnie. Alikuwa akipika maharage ya watu wawili na kuyamwaga ya mmoja. Binti yao wa pekee, Kendra, nesi wa wodi ya watoto huko New Jersey, aliyekuwa akimlea mwanawe Josie peke yake, alimpigia simu kila Jumapili kumsihi ahamie kwake. Hatimaye alikubali. Ndipo Kendra alipotoa sharti lake moja.

"Baba, bastola ibaki huko. Mwachie Mjomba Delbert."

"Bastola yangu haijawahi kumdhuru mtu."

"Najua. Lakini mwaka huu nimepokea watoto wawili wodini, Baba. Wawili. Wote waliikuta kwenye droo ya mtu ambaye yake haijawahi kumdhuru mtu. Halafu huku sheria ni nyingine kabisa. Nimekutumia karatasi zake, zisome."

"Nitamwachia Delbert," alisema Lonnie, na aliposema hivyo alimaanisha. Jambo hilo ndilo linalomuuma zaidi hadi leo, kwamba hakuanza kwa kusema uongo.

Karatasi zenyewe hakuzisoma. Alizitia ndani ya sanduku la vyombo, akazitumia kufungia vikombe vya Verna visivunjike njiani.

Asubuhi ya safari alisimamisha gari langoni kwa mdogo wake. Alishuka akiwa ameshika bastola ndani ya ala yake, ameifunga kwa kitambaa. Delbert alitoka na kikombe cha kahawa, akamtazama kaka yake, akatazama kitambaa.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kendra kasema nikuachie. Eti huko haitakiwi."

"Haitakiwi na nani? Kibali si unacho?"

"Ninacho."

"Sasa? Leseni yako ya gari inakufikisha hadi huko au inaisha nguvu ukivuka mto? Na cheti chako cha ndoa je, ulipokwenda na Verna kuona bahari mlikuwa mnaishi kwenye dhambi?"

Wakacheka wote wawili. Delbert aliendelea, sasa bila mzaha: "Kaka, hiyo ni ya Verna. Utaiacha hapa kwenye kabati langu pamoja na ndoano za samaki?"

Lonnie alisimama pale langoni kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa. Kisha akaifungua ile bastola kutoka kwenye kitambaa, akairudisha kiunoni, akamkumbatia mdogo wake na kuondoka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya mkuu asiyesikia la mwanawe hawakutuachia neno, labda kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakuu.

Huko New Jersey alipewa kazi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kufanya: kumpeleka Josie shule. Josie alikuwa na miaka minane, pengo la meno mawili mbele na maswali yasiyokwisha. Alitaka kujua kwa nini Babu anainua kidole kutoka kwenye usukani kila gari linapopita.

"Namsalimu."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Sasa mbona hakuitikii?"

"Ataitikia kesho," Lonnie alijibu, na kesho yake aliinua kidole tena. Hakuna aliyeitikia. Alikula mkate wao mgumu wenye tundu katikati, akasema aliyeubuni alikuwa fundi wa magurudumu. Alizoea mambo mengi kwa wiki tatu. Kila asubuhi, kabla Kendra hajashuka ngazi, alivaa koti hata kama hakukuwa na baridi.

Siku ile ya Oktoba Josie alikuwa amepakata boga kubwa alilolichora macho na mdomo kwa ajili ya maonyesho ya darasani. Mtaa mmoja kabla ya shule, taa za polisi ziliwaka nyuma yao. Lonnie alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alisimama pembeni, akazima gari, akashusha kioo, akaweka mikono miwili juu ya usukani.

Afisa alikuwa kijana mwenye uso wa mtu aliyenyoa kwa haraka. "Habari za asubuhi, bwana. Unajua kwamba taa yako ya nyuma ya kushoto haiwaki?"

"Sikujua, mwanangu. Asante kwa kuniambia. Sasa kabla sijagusa pochi, nikueleze kabisa ili usishtuke: ninayo bastola kiunoni, upande wa kulia. Kibali ninacho."

Alingoja utani. Badala yake aliona sura ya yule kijana ikifungwa kama duka.

"Mikono ibaki hapo hapo. Usiisogeze. Kibali cha wapi?"

"Cha Kentucky," Lonnie alisema kwa fahari.

"Bwana, kibali cha Kentucky huku si kibali."

"Ni kibali halali. Kinakubaliwa Tennessee, Virginia, West Virginia..."

"Hupo huko. Upo New Jersey. Una muda gani hapa?"

"Wiki tatu. Nimehamia kwa binti yangu."

Afisa alishusha pumzi, kama mtu aliyetamani jibu lingine. Kisha, kutoka kiti cha nyuma, sauti ndogo ikasema:

"Babu, umesema bastola? Mama alisema uliiacha kwa Mjomba Delbert."

Kati ya yote yaliyofuata asubuhi ile, pingu, redio ya polisi, wazazi wengine wakipunguza mwendo ili watazame, hakuna kilichompata Lonnie kama sentensi hiyo. Afisa mwingine, mwanamke, alimtoa Josie garini kwa upole na kumsimamisha kwenye nyasi. Boga lilimponyoka, likapasuka ukingoni mwa barabara. Josie hakulia kwa ajili ya boga. Alikuwa akimwambia yule mwanamke tena na tena, "Babu yangu ni mtu mzuri. Muulizeni mtu yeyote." Lakini katika mji ule hakukuwa na mtu yeyote wa kuulizwa.

Kendra alifika akiwa na nguo za wodini. Alimbeba mtoto. Hakutazama gari la polisi alimokuwa baba yake.

Lonnie alirudishwa nyumbani siku ya pili, baada ya wakili kupatikana. Kendra alikuwa jikoni, amesimama, mikono yake ameiegemeza kwenye sinki.

"Keti, Baba."

Mkono ukashuka nyongani kabla hajaketi. Wote wawili waliuona.

"Ungeniambia siku ulipofika kwamba bado unayo, ningekasirika siku moja, labda mbili," Kendra alisema. "Sasa nakaa nikijiuliza, ni yapi mengine uliyonikubalia kwenye simu?"

"Hakuna mengine."

"Nitajuaje?"

Lonnie alitaka kumtaja Delbert, leseni ya gari, cheti cha ndoa. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Yalikuwa na ladha ya mtoto anayesema nilitumwa.

"Josie hatapanda gari lako," Kendra alisema. "Mpaka nitakaposema mimi. Sijui ni lini, kwa hiyo usiniulize."



Sheria ya jimbo lile huadhibu kosa hilo kwa miaka ya jela, na wakili hakumficha. Lakini kwa kuwa alikuwa mgeni, mzee asiye na doa, na mwenyewe ndiye aliyejitaja, alipewa njia nyingine: zaidi ya mwaka mmoja chini ya uangalizi, siku za kusafisha bustani ya mji, na bastola isirudi kwake kamwe. Alitia saini karatasi ya mwisho kwenye kituo cha polisi, mbele ya karani mmoja aliyekaa nyuma ya kioo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Hapa unakubali iharibiwe," karani alimweleza. "Umeelewa, mzee?"

"Inaharibiwaje?"

"Inayeyushwa, nadhani. Mimi naona karatasi tu."

"Ilikuwa zawadi ya mke wangu."

Karani alimtazama juu ya miwani. "Pole. Wangu alinipa mashine ya kukoroga unga. Tia saini hapa na hapa."

Alitia saini hapa na hapa. Akatoa na ile kadi ya Kentucky kwenye pochi, akaipitisha chini ya kioo. Karani aliisukuma kurudi kwake. "Hiyo hatuihitaji, mzee wangu. Huku haina kazi hata ya kupangusia kioo."

Jioni Delbert alipiga simu. Alilia kama mtoto na kuomba msamaha. Lonnie alimwambia, "Mkono ulioirudisha kiunoni ulikuwa wangu, mdogo wangu. Wewe ulishika kahawa tu."

Ndivyo mwaka ulivyokwenda. Josie alipelekwa shule na Donna, mke wa Carmine, ambaye alikuwa na mjukuu katika shule ile ile. Kila asubuhi saa moja na dakika arobaini Lonnie alisimama dirishani na kikombe cha Verna mkononi, akamtazama mtoto akiingia gari la jirani. Josie alimpungia mkono kila siku. Mwanzoni alipunga kwa nguvu, mikono miwili. Kufikia masika alikuwa anapunga kama anayemsalimu mtu wa posta. Lonnie aliliona hilo, na akajua kwamba hasara yake haikuwa ile iliyoyeyushwa.

Karatasi za Kendra alizitoa kwenye sanduku la vyombo, akazinyoosha kwa kiganja, akazisoma zote. Yote yalikuwa yameandikwa humo tangu mwanzo, kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa: mgeni afanye nini akishahamia, aandikishe wapi, asibebe nini. Aliguna peke yake. Angezisoma hata siku moja tu kabla ya safari, angekuwa na bastola ya Verna salama kwenye kabati la Delbert, na mtoto kwenye kiti cha nyuma.

Carmine aliyajua yote kufikia wakati huo, na utani wake ulikuwa umepata chakula kipya. Lakini alikuwa rafiki.

"Ukimaliza adhabu yako, omba kibali cha huku," alimshauri. "Fomu unaipata pale pale. Alama za vidole wanazo tayari, umewarahisishia kazi."

Lonnie akaichukua fomu. Akaisomea kwenye ngazi za mbele, Carmine akichungulia begani.

"Wanataka watu wanne," Lonnie alisema. "Wenye sifa njema, wasio ndugu, walionijua miaka mitatu au zaidi."

"Mimi niandike. Sifa njema ninazo, muulize yeyote isipokuwa Donna."

"Umenijua mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja na wewe, Lonnie, ni kama minne. Kila asubuhi unanieleza jinsi ya kupika maharage."

Lonnie hakucheka. Alikuwa ametazama mistari minne mitupu ya fomu ile. Kwao watu wa kumshuhudia wangejaza ukumbi wa kanisa na wengine wangesimama nje. Wangeandika kwamba Lonnie Stidham hukujazia gesi hata kama huna kitu mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba akisema atakuja, atakuja. Huku, watu ambao ushuhuda wao aliutaka kweli walikuwa wawili tu. Wote walikuwa ndugu zake, na mmoja hakumwamini.

Aliingia ndani, akaiweka fomu katikati ya meza ya jikoni, palepale ambapo Kendra huweka funguo zake. Kendra aliporudi kazini aliiona kabla ya kuvua koti.

"Ndiyo nini hii, Baba?"

"Fomu ya kibali. Nimeichukua leo. Sijaijaza, na huenda nisiijaze. Nimeiweka hapo kwa sababu sitaki iwepo pembe ya nyumba hii ambayo wewe huioni."

Kendra alivuta kiti. Lonnie aliendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza hatarudia tena.

"Na kitu kingine. Sikusahau kuiacha. Umewahi kuniuliza kama nilisahau, nikakaa kimya, ukadhani ndivyo. Nilisimama langoni kwa Delbert nimeishika mkononi. Nilikuwa na ahadi niliyokupa mkono mmoja na zawadi ya mama yako mkono mwingine. Nikakuacha wewe."

Jokofu lilinguruma. Kendra alikunja ncha ya fomu, akaikunjua.

"Mama angesema nini?"

"Mama yako alinipa kile kitu ili niwe narudi nyumbani kula. Angesema nimekaa mwaka mzima nyumbani na sijarudi bado."

Kendra alifuta macho kwa mkono wa sare yake. Fomu ilibaki mezani siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata, wakila kuizunguka, mpaka Josie alipoigeuza upande wa pili na kuchora farasi. Hakuna aliyemkataza.

Alhamisi, Kendra akiwa anafunga kamba za viatu, alisema bila kuinua kichwa, "Donna anakwenda kwa dada yake wiki nzima ijayo."

"Carmine aliniambia."

"Jumatatu nina zamu ya asubuhi."

Lonnie aliweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Utampeleka wewe. Saa moja na dakika arobaini. Si arobaini na moja, Baba."

"Si arobaini na moja," alirudia.

Leo ndiyo Jumatatu. Saa moja na dakika kumi Lonnie alikuwa tayari nje, barafu nyepesi ikiwa juu ya nyasi. Amefagia kiti cha nyuma mara mbili. Carmine, aliyeamshwa kwa kazi hii, amesimama nyuma ya gari akiwa amevaa kanzu ya kulalia ndani ya koti, mikono makwapani.

"Kushoto!" anaita. "Inawaka! Kulia! Inawaka! Kanyaga breki! Zote zinawaka, zinawaka kama mti wa Krismasi! Sasa niache nikalale!"

"Kushoto tena, tafadhali."

"Lonnie, mimi si mchumba wako. Nimekwambia inawaka!"

Carmine anaingia kwake akilalamika hadi mlango unapofungwa. Mtaa unatulia. Lonnie amekaa nyuma ya usukani bila koti, shati tu, na mkanda unaonekana wote. Mkono wa kulia uliposhuka alipokuwa akiketi, aliuacha upapase, kisha akaupandisha juu ya usukani kando ya mwenzake.

Saa moja na dakika thelathini na nane. Ndani ya nyumba anasikia sauti ya Kendra ikiuliza kuhusu kofia, na sauti nyingine ikijibu kwamba kofia haipendi. Kisha viatu vidogo vinashuka ngazi, haraka, viwili viwili, vinaelekea mlangoni. Lonnie ameutazama ule mlango bila kupepesa, akingoja ufunguke.